Mpira wa Australia si raga, na klabu zake zina la kutufunza Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni ukurasa wenu wa michezo ulitoa picha ya wachezaji waliovaa fulana zisizo na mikono, mmoja kampanda mwenzake mabegani akigombea mpira wa umbo la yai. Maelezo ya chini yalisema ni raga. Si raga hata kidogo. Ule ni mpira wa Australia, mchezo ambao sheria zake za kwanza ziliandikwa mjini Melbourne mwezi Mei 1859 na wanachama wa klabu ya Melbourne, Tom Wills akiwa mmoja wao. Chama cha soka cha Uingereza kilizaliwa miaka minne baadaye, 1863.

Kosa hilo ni dogo na linasameheka. Kinachonifanya niandike ni jambo ambalo picha haikulionyesha, nalo lingewafaa sana viongozi wa timu za mitaa hapa Tanga: jinsi klabu ya kitongoji cha mji kule Australia inavyobeba timu nyingi chini ya jina moja, na kwa nini inadumu miaka mia wakati zetu hazimalizi misimu mitatu.

Nianze na mchezo wenyewe, kwa ufupi. Kila upande huingiza watu 18. Uwanja ni duara refu, mita 135 hadi 185 kwa urefu, 110 hadi 155 kwa upana, kwa sababu tangu zamani mchezo huu huchezwa majira ya baridi kwenye viwanja vya kriketi. Kila mwisho husimama milingoti minne, hakuna mwamba wala wavu, wala golikipa. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti miwili ya katikati bila kuguswa na mtu, ni goli, pointi 6. Ukigonga mlingoti wa kati, au ukapita kati ya mlingoti wa kati na wa pembeni, ni pointi 1. Hakuna kuotea. Mpira husafirishwa kwa teke au kwa kupigwa ngumi kutoka kiganjani. Kuurusha kwa mkono ni kosa, na hapo ndipo mchezo huu unapoachana na raga. Anayekimbia nao lazima audundishe au auguse chini angalau kila mita 15. Anayedaka hewani mpira uliopigwa teke la mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa na mwingine, hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Ndiyo sababu wanapandana mabegani: kudaka kuna faida kubwa. Mechi ina robo nne za dakika 20, lakini saa husimamishwa mara kwa mara, hivyo robo moja hukaribia nusu saa.

Majina ya klabu kubwa ni majina ya vitongoji vya Melbourne: Carlton, Collingwood, Richmond, Essendon, St Kilda. Carlton na Collingwood ziko karibu karibu kama Ngamiani na Chumbageni, na fainali yao ya 1970 iliingiza watazamaji 121,696. Ligi yao ilianza 1897 ikiwa na klabu nane za jimbo la Victoria, na 1990 ikabadili jina kuwa ligi ya Australia nzima. Siku hizi klabu hizo zimekuwa makampuni. Tuziache. Yenye mafunzo ni ile iliyo chini yake, klabu ya kitongoji isiyoonekana kwenye televisheni, ambayo uwanja wake ni mali ya halmashauri na wanaoiendesha hawalipwi.

Klabu ya namna hiyo ina timu ya kwanza, timu ya pili, na timu ya vijana wa chini ya miaka 19. Ina timu ya wanawake, na baadhi zina mbili. Ina watoto wa rika mbalimbali, na chini yao wale wadogo wa mpango uitwao Auskick, kuanzia kama miaka 5, wanaotumia mpira mdogo na hawaruhusiwi kuangushana. Nyingine zina hata timu ya wazee wa miaka 35 na kuendelea. Wote hao wanavaa rangi zile zile na kulipa ada kwa mweka hazina mmoja.

Jumamosi hupangwa hivi: vijana asubuhi, timu ya pili karibu na adhuhuri, timu ya kwanza saa nane mchana, uwanja ule ule, dhidi ya klabu ile ile. Wapinzani nao huja na timu zao zote. Kijana aliyecheza asubuhi hukaa kuwatazama wakubwa wake, na anayecheza saa nane hufika mapema kubeba maji ya timu ya pili. Mapato ya siku nzima yanaingia kwenye kibanda kimoja cha chakula. Kwa mtunza fedha, hii ina maana kwamba gharama ya chokaa, kipenga na usafi inagawanywa kwa mechi tatu badala ya moja.

Moyo wa klabu uko Alhamisi usiku. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, na baada ya mazoezi ya Alhamisi makocha wote hukaa meza moja kuchagua timu kuanzia juu kwenda chini. Timu ya kwanza ikikosa watatu kwa majeraha, inachukua watatu wa timu ya pili. Timu ya pili inaziba pengo kwa vijana wa chini ya miaka 19. Upande wa pili, nyota aliyetoka kwenye jeraha harudi moja kwa moja juu: anacheza timu ya pili wiki moja au mbili hadi miguu ikubali. Aliyeshuka kiwango hafukuzwi, anashushwa. Bado ana jezi, bado ana mechi Jumamosi, na kocha wa juu anamwona kwa macho yake. Kwetu mchezaji akikosa namba hana pa kwenda ila nyumbani, na siku tukimhitaji keshaacha mazoezi zamani.

Mpango huu una kasoro yake, nayo inajulikana: upungufu wa watu huonekana chini kwanza. Timu ya kwanza huwa na watu siku zote kwa kuwa inawavuta kutoka chini. Inayokosa watu na kushindwa kufika uwanjani ni ya tatu, ile ya vijana. Viongozi wasio makini husema "haidhuru, ni vijana tu." Msimu unaofuata timu ya pili haina pa kuchota, na wa tatu timu ya kwanza yenyewe inaungana na jirani au inafungwa. Kwa hiyo ukitaka kujua afya ya klabu kule, usiulize msimamo wa ligi. Uliza kama timu yao ya tatu ilipata watu wa kutosha wiki iliyopita.

Sababu kubwa ya timu za chini kukauka ni fedha kwenda juu. Klabu inapata mfadhili, inanunua wachezaji sita kutoka nje, vijana wa kitongoji wanaona njia imezibwa, wanahama. Victoria wamelikabili hili kwa mfumo wa pointi: kila mchezaji hupewa pointi kulingana na alikotoka. Aliyelelewa na klabu yenyewe ana pointi 1; aliyetoka ligi kuu hivi karibuni ana 6; na jumla ya pointi za kikosi cha siku ina kikomo. Unaweza kumleta nyota, lakini ukimleta unalazimika kumzungushia watoto wa nyumbani. Sijui kwa nini mashindano yetu ya ndondo hayajaiga kanuni hii. Haihitaji senti, inahitaji daftari tu.

Mfano mzuri wa uhai wa timu za chini ni Fitzroy. Klabu hiyo iliundwa 1883, ikatwaa ubingwa wa ligi kubwa mara 8, mara ya mwisho 1944. Fedha zikaisha, na baada ya msimu wa 1996 timu yake ya ligi kuu ikaunganishwa na ya Brisbane, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nyumbani. Hata hivyo jina halikufa. Tangu 2009 Fitzroy inacheza ligi ya ridhaa ya Victoria, kwenye uwanja wake wa zamani wa Brunswick Street, ikiwa na timu za wanaume na za wanawake. Wapenzi wa Coastal Union waliouona ubingwa wa 1988 wataelewa uzito wake.

Timu moja huhitaji watu wengi wasiocheza, na hapa ndipo viongozi wetu hukosea hesabu. Ukiacha wachezaji 22 na kocha, siku ya mechi lazima wawepo meneja wa timu mwenye orodha iliyosainiwa, anayekimbia kupeleka maneno ya kocha uwanjani, wabeba maji wawili au watatu, wahudumu wa kufunga vifundo vya miguu kwa plasta, mtunza saa, na mwamuzi wa goli. Katika ngazi za chini mtunza saa na mwamuzi wa goli hutolewa na kila klabu, mmoja mmoja. Watunza saa wawili hukaa benchi moja. Waamuzi wa goli huandika kila pointi kwenye kadi na kulinganisha kadi kila robo inapoisha, kwa hiyo hakuna upande unaoweza kujiongezea. Goli huonyeshwa kwa bendera mbili nyeupe, pointi moja kwa bendera moja. Timu tatu maana yake ni kama watu thelathini wa kujitolea kila Jumamosi. Wanatoka wapi? Ni wazazi wa watoto wa Auskick, wachezaji waliostaafu, na wale wa timu ya pili waliokwisha kucheza. Klabu isiyo na watoto haina wazazi, na isiyo na wazazi haina wa kushika bendera.

Timu za wanawake ziliongezeka sana baada ya ligi kuu yao kuanza 2017, na zilifichua tatizo ambalo halikuwa la mpira: vyumba vya kubadilishia nguo vilijengwa kwa wanaume tu, bafu lisilo na mlango na vyoo vya kusimama. Anayetaka timu ya wasichana Tanga aanze hapo hapo. Chumba chenye komeo, choo chenye maji, na ratiba isiyowaacha wasichana wakirudi nyumbani gizani. Bila hivyo wazazi hawatawaruhusu, na watakuwa na haki.

Na milango ya chini ndiyo inayowapokea wageni. Aliir Aliir, beki aliyechezea Sydney Swans kisha Port Adelaide, alizaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya. Vijana wa aina yake hawaanzii ligi kuu. Wanaanzia kwenye klabu ya kitongoji ambayo Jumanne jioni inamkabidhi jezi yeyote aliyefika.

Sasa hapa kwetu. Timu ya mtaa, iwe Makorora, Mwanzange, Duga au Mabawa, kwa kawaida ni vijana ishirini, seti moja ya jezi na mfadhili mmoja. Mashindano yakiisha, timu imeisha. Mfadhili akihama au akikosa udiwani, jezi zinaondoka naye. Pendekezo langu ni kwamba hata tukibaki na soka letu, tuchukue umbo la klabu ya Australia: chini ya miaka 15, timu ya pili, timu ya kwanza, siku moja, uwanja mmoja, dhidi ya mtaa mmoja. Ratiba inawezekana. Watoto saa 8:00 mchana, dakika 25 kila kipindi. Timu ya pili saa 9:00, dakika 35 kila kipindi. Timu ya kwanza saa 10:20, dakika 45 kila kipindi, mapumziko 15, unamaliza saa 12:05 kabla ya magharibi. Seti mbili za jezi zinatosha, ndogo ya watoto na kubwa kwa timu mbili za juu, ila timu ya kwanza itavaa jezi zenye jasho. Anayeweza kupata ya tatu asisite. Kanuni ya kwanza ya kubandikwa ukutani: asiyefika mazoezi yote mawili ya wiki anaanza timu ya pili, hata awe nani. Ukiilegeza mara moja kwa ajili ya nyota, imekufa.

Kule bia hulipa sehemu kubwa ya gharama. Hapa haitafaa, na hatuihitaji. Madafu, viazi karai na chai kwa mechi tatu mfululizo vinauzika, mradi kibanda kiwe cha klabu na mama anayekaanga awe na mkataba, badala ya kila muuzaji kuchukua chake na kuondoka.

Wapo watakaotaka kuujaribu mpira wenyewe, hasa walimu. Basi wajue mambo haya.

Kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68 hakiingizi uwanja kamili, lakini kuna aina fupi ya watu 9 kila upande, isiyo na kuangushana. Eneo la shule lenye mita 100 kwa 80 linatosha. Duara huchorwa kwa mambo mbili, yaani vigingi, na kamba: pigilia mambo hizo mita 60 kutoka moja hadi nyingine kwenye mstari wa katikati unaokwenda kwa urefu, funga ncha za kamba ya mita 100 kwenye mambo hizo, kisha mtu aivute kamba hadi ikaze kwa kijiti na atembee akichora. Fanya nusu moja, ruka mstari, fanya ya pili. Anayetaka uwanja kamili wa mita 150 kwa 120 aweke mambo mita 90, kamba mita 150. Kamba ya mkonge tunayo tele, lakini ina tabia zake: ikivutwa hurefuka, ikilowa umande hufupika. Ivute kwanza, ndipo upime na kuweka alama, na fundo likae nje ya alama. Ukimaliza pima upana wa katikati. Ukiwa mita 82 badala ya 80, kamba imerefuka au mambo imelala. Pigilia vijiti kila hatua tano kabla ya kumwaga chokaa, kwa sababu chokaa haifutiki kirahisi.

Milingoti minne ipangwe mstari ulionyooka, nafasi ya mita 6.4 kati ya mmoja na mwingine, jumla mita 19.2. Ya kati isipungue mita 6 juu ya ardhi, ya pembeni mita 3. Mirunda ya mikaratusi inafaa. Chagua wa mita 7 ili mita 1 iingie ardhini, na udongo wetu wa mchanga ushindiliwe kwa mawe, la sivyo upepo utaulaza. Sheria hutaka kinga ya unene wa milimita 35 hadi kimo cha mita 2.5. Godoro chakavu la sponji lililofungwa kwa vipande vya tyubu linatosha. Usikubali mechi ianze bila kinga hiyo. Mchezaji anayetazama mpira hewani haoni mlingoti.

Mpira wa wanaume wakubwa una mzingo wa sentimita 72 hadi 73 kwa urefu na 54.5 hadi 55.5 kwa upana. Ujazwe upepo wa pauni 9 hadi 11. Wengi huzidisha kwa mazoea ya soka, na mpira unakuwa mgumu na unadunda ovyo.

Kupiga ndiko kunakowashinda vijana wetu wa soka. Wanapiga kwa upande wa ndani wa mguu, au wanaurusha mpira juu kwanza. Njia sahihi: shika mpira wima, nyuzi zikitazama mbele, uachie kwa mkono wa upande wa mguu unaopiga, udondoke wima bila kugeuka, uukute na mgongo wa mguu vidole vikiwa vimenyooshwa. Ukipigwa vizuri huzunguka kinyumenyume na kwenda moja kwa moja. Ukiyumba hewani, karibu kila mara kosa ni la mkono uliouachia na si la mguu. Kwa ngumi, kiganja kimoja kishike mpira na kitulie, kingine kipige, dole gumba likiwa nje ya ngumi. Likiwa ndani linaweza kuvunjika. Mkono ulioshika ukisukuma, mwamuzi atapuliza kwa kosa la kurusha.

Upepo usidharauliwe. Timu hubadilishana upande kila robo, kwa hiyo kila moja hupata robo mbili za kusaidiwa na kusi. Kwenye viwanja vya karibu na bahari, kama upande wa Raskazone, mpira mrefu dhidi ya upepo hurudi ulikotoka. Anayepingana na upepo apige chini na kifupi, atumie ngumi zaidi, na apitishe upande ambao milingoti imekingwa na miti.

Anayegongwa kichwa atolewe na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Katika mpira wa jamii kule Australia, tangu 2024, aliyepata mtikisiko wa ubongo hawezi kucheza mechi kabla ya siku ya 21, na siku ya kuumia huhesabiwa kuwa siku sifuri. Kwa timu zetu zisizo na daktari, meneja aandike jina na tarehe kwenye daftari lile lile la orodha ya wachezaji, na Alhamisi ya uteuzi alifungue kabla ya kocha kutaja jina la kwanza.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa michezo,
Makorora, Tanga